Mwalimu Fisi na Kidole Kinachoangusha

Kama una maji karibu, kunywa kwanza, maana hadithi hii inaanza na kiu.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka visima vikakauka, likabaki dimbwi moja tu nyuma ya kilima. Kila aliyetoka kuteka maji alimkuta Nyani amekaa njiani. Nyani hakuwa na maneno mengi. Alinyakua kibuyu, akanywa, akajifuta mdomo. Mama Paa alizoea kumkimbia, lakini maji yote yalimwagika njiani, na nyumbani watoto wake watatu walikuwa wakilamba kibuyu kitupu.

"Nimechoka kuwa mwoga," alisema. "Nitajifunza kupigana."

Bahati, au tuseme balaa, Fisi alikuwa amefungua chuo cha mapigano kando ya dimbwi. Ndiyo, Fisi huyuhuyu asiyejua maana ya kushiba. Ada ilikuwa nusu kibuyu cha maji kwa kila somo, maana Fisi alikuwa mvivu hata wa kuteka. Mbele ya umati alinyoosha kidole kimoja tu, na Bweha, shemeji yake, akaruka juu na kuanguka chali.

"Yalaaa!" alilia Bweha.

Wanyama wakapiga makofi. Mama Paa akajiandikisha palepale.

Alifundishwa kuinama kwa heshima, kupiga ukelele, na kusimama kwa mtindo ulioitwa Fisi Juu ya Jiwe. Siku ya saba akafungwa mkanda wa majani mabichi, akaondoka kifua mbele.

Nyani alikuwa mahali pake pa kila siku. Mama Paa akainama. Akapiga ukelele. Akasimama kwa mguu mmoja. Nyani alimtazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akachukua kibuyu. Mkanda nao akauchukua, akajifunga kichwani.

"Nyani alisimama upande gani?" Mwalimu Fisi aliuliza kesho yake.

"Kushoto, Mwalimu."

"Aa! Kushoto ni somo la mkanda mwekundu. Hilo ni kibuyu kizima."

Mama Paa nusura aangue kilio. Akaketi pembeni kutazama maonyesho, na safari hii hasira ilimfumbua macho: Bweha alianguka kabla kidole hakijamfikia. Akaenda kumweleza jirani yake Sungura.

Sungura alicheka mpaka masikio yakamlegea. "Jirani, umewahi kumwona akimwangusha mtu asiye shemeji yake? Niachie mimi."

Akaenda kwa Simba, akajikunakuna shingo. "Mfalme, sisemi mimi, wanasema wao. Kule dimbwini kuna kidole, eti hata wewe kitakubwaga."

Simba, ambaye hakupenda hata jua limtangulie kuamka, alifika chuoni anahema kwa ghadhabu.

"Niangushe," alimwambia Fisi.

"Mfalme wangu," Fisi alijibu, jasho likimtiririka, "leo kidole kimefunga."

"Basi kifuturu."

Fisi akanyoosha kidole. Simba hakutikisika hata unywele. Lakini Bweha, aliyekuwa amejibanza nyuma kabisa ya umati, kwa mazoea akaruka juu na kuanguka chali.

"Yalaaa!"

Wote wakageuka kumtazama Bweha pale chini, kisha wakamtazama Fisi. Kicheko kilipolipuka, Fisi hakungoja Simba afungue kinywa. Mguu niponye! Akatokomea vichakani, shemeji nyuma yake, na vibuyu vyote vya ada wanafunzi wakagawana.

Mama Paa peke yake hakucheka. "Na Nyani je? Bado yuko njiani, na watoto wangu bado wana kiu."

Sungura akamwokotea gunzi la hindi. "Ziba kibuyu chako kwa hili, halafu fanya kama alivyofanya mwalimu wako sasa hivi."

"Kukimbia? Lakini wataniita mwoga!"

"Waache waite. Wakimaliza kuita, wewe umeshafika nyumbani."

Mama Paa akakaza gunzi, akatimua mbio. Nyani alirusha mkono, akaambulia vumbi. Siku hiyo halikumwagika hata tone. Watoto walikunywa kwa pupa, wakapaliwa, wakacheka, na mama yao akacheka nao mpaka majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.