Udongo wa Unyayo

Mtu mmoja, jina lake Mabula, alikuwa na binti aliyependa kukimbia kuliko kula. Binti huyo aliitwa Mbuke. Kila baada ya mavuno watoto wa kijiji walishindana mbio, pekupeku, kwenye uwanja wa vumbi, na mwaka ule Mbuke alitoka wa pili. Akalia. Kilio kile kilimkata Mabula maini. Badala ya kuketi na mwanawe, alisubiri watu watawanyike, akainama penye kamba ya mwisho, akachota udongo wa unyayo wa msichana aliyeshinda, akaufunga kwenye kitambaa kama wafanyavyo wenye nia mbaya.

Asubuhi mguu wa msichana yule ulikuwa umekufa ganzi. Hakukimbia tena.

Mwaka uliofuata Mbuke alishindwa na mtoto mwingine, akalia, na baba akachota tena. Halafu mwingine, na mwingine, mwaka hata mwaka. Vitambaa vikaning'inia darini juu ya kitanda cha Mbuke, na hata pasipo upepo vilitikisika polepole, kana kwamba vinahema. Mabula alivitazama akajiona baba mwema. Wapo wengi wa namna hiyo, na ibadani hukaa mstari wa mbele.

Ikafika siku ya mbio, na Mbuke akasimama uwanjani peke yake. Wenzake walikuwa wameketi pembeni, miguu wameinyoosha, kimya, wakimtazama. Filimbi ikalia. Alikimbia huku akigeuka nyuma, maana alisikia vishindo vya miguu mingi ikimfuata, na hapakuwa na mtu. Alipoikata kamba hakuna aliyepiga makofi. Akaanguka chini, akalia kuliko miaka yote.

Mabula akaja mbio na kitambaa mkononi, macho chini, akitafuta unyayo wa aliyemliza mwanawe.

Mbuke akamwambia, "Baba, sikutaka wenzangu waumie. Nilitaka ukae na mimi mpaka nimalize kulia."

Mabula akainama kuchota. Pale vumbini palikuwa na nyayo za watu wawili tu: ndogo za binti, na kubwa zake mwenyewe, zilizokuja moja kwa moja mpaka mtoto alipolala. Akaziangalia, na mguu wake wa kulia ukaanza kufa ganzi.

Nawauliza ninyi mnaopiga kelele pembeni ya uwanja watoto wenu wakicheza: mwanenu alipolia mara ya mwisho, mlikuwa mmeinama wapi?