Mama Mkwe wa Nasoro

Meneja Shebughe wa kiwanda cha sabuni hakujua hata kukaza nati, na kila aliyejua alimkera. Siku moja alichora mstari mwekundu sakafuni kati ya karakana na mitambo, akatangaza: "Mwenye swali la kazi aniandikie mimi barua. Nikiwakuta mnafundishana, kazi hamna! Ruhusa ni salamu tu."

"Salamu zinatutosha, bosi," alijibu Sikujua, fundi wa karakana, ameinamisha kichwa.

Kesho yake Shebughe alisimama juu ya mstari wake, ametega masikio. Sikujua akampazia sauti Nasoro, mwendesha mtambo: "Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo wapi, dada! Tangu asubuhi anatetemeka na kukoroma."

"Mpumzishe kwanza. Mlegezee mkanda kiunoni, kisha umpake mafuta viungoni."

Shebughe akabetua midomo. Watu wazima, gumzo lao wakwe! "Pole, Nasoro," alisema.

Saa sita ndipo alipoifungua barua ya Nasoro kuhusu mtambo mbovu. Hakuelewa hata neno. Alipokwenda, akaukuta unazunguka kimya.

"Nani kautengeneza?"

"Mama mkwe kapona, bosi," alisema Nasoro. "Ahsante kwa pole yako."