Milioni Moja na Moja

Kabla hujaweka simu chini, soma habari hii ya mwalimu Nyamizi.

Zamani, Mtemi Lugoda aliteka watu wa nchi jirani akawafungia bomani kwake. Ndugu zao walipokwenda kuwaombea, aliwacheka. Akachukua mkaa, akaandika ukutani, mbele ya watu wote: 1,000,001.

"Nipeni namba mbili ambazo zikizidishwa zitatoa hii," alisema. "Moja na yenyewe sizitaki. Mkizipata kabla jua halijazama, watu wenu wako huru. Mkizikosa, nawauza mbali."

Walimu wa hesabu waliokuwa miongoni mwa ndugu hao walianza kugawanya. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kila mara kulikuwa na baki. Alasiri ilipoingia walikuwa wamefika mia, na ukuta umejaa.

Mwalimu Shigela, aliyemfundisha Nyamizi tangu utotoni, alitupa mkaa chini.

"Mwanangu, namba hii haigawanyiki. Nenda ukamuage kaka yako."

Nyamizi alitazama langoni. Kaka yake, Limbu, alikuwa amesimama nyuma ya miti ya lango, anamwangalia yeye tu.

"Mwalimu, nani alituambia tuishie mia?"

"Hakuna. Tumechoka tu."

Nyamizi aliuokota ule mkaa. Akagawanya kwa mia moja na moja. Alishuka mstari kwa mstari, akiisubiri ile baki iliyomsumbua tangu asubuhi. Haikuja. Akarudia. Haikuja!

"Mtemi!" alipaza sauti. "Mia moja na moja, mara elfu tisa mia tisa na moja!"

"Haiwezekani," Mtemi alisema.

"Hesabu mwenyewe, Mtemi. Hiyo kubwa mara mia ni 990,100. Sasa iongeze yenyewe mara moja zaidi."

Mtemi alijumlisha kwa mkono wake mwenyewe, watu wakichungulia begani kwake. Jibu likatoka: 1,000,001.

Mkaa ukamponyoka. "Lakini niliwapa namba isiyo na jibu! Niliijaribu mwenyewe kwanza!"

"Ukaishia wapi, Mtemi?"

Mtemi aliinamisha macho.

"Mia."

Watu wake na wageni walikuwa wamesikia ahadi yake, hakuwa na pa kukimbilia. Lango likafunguliwa. Vigelegele vilipasua anga. Limbu alimbeba dada yake begani kama mtoto, na mzee Shigela, aliyekuwa ameshakata tamaa, akacheza mbele yao njia nzima mpaka nyumbani.

Funzo: Usiseme njia imeisha wakati kilichoisha ni nguvu zako. Pumua, kisha jaribu mara moja zaidi. Huenda hapo ndipo penye jibu.