Uzi Mwekundu wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na milango ya kupigiwa hodi na makochi ya kutandikia vitambaa, Bi Kindi aliishi na wanawe katika nyumba ndogo ya udongo pembeni mwa kijiji cha Majanini.

Bi Kindi alikuwa fundi wa kufuma. Ungempa kulabu na donge la uzi, ukakaa kumtazama, vidole vyake vingekutia kizunguzungu. Chap, chap, chap, kitanzi ndani ya kitanzi, na kabla chai yako haijapoa tayari ameshafuma nyota. Ukimaliza kunywa, kaongeza ua na kengele, na anakuuliza kama unataka kikombe kingine.

Pale Majanini palikuwa na desturi moja. Siku ya sikukuu ya kufunga mwaka, kila nyumba ilitundika mapambo ya kufuma mlangoni, na mapambo hayo ndiyo yaliyosema karibu. Mlango uliokuwa mtupu ulimaanisha ndani kuna msiba. Nyumba hiyo watu waliipita kimyakimya, na hakuna aliyethubutu kubisha hodi.

Sasa, pale pale Majanini aliishi Nyati, na mimi naye hatuna ugomvi. Alikuwa na mwili, alikuwa na sauti, na pembe zake zilikuwa pana kuliko kitanda. Mapambo ndiyo aliyokosa. Mkewe, Bi Nyati, hakupenda kufuma na alimwambia hivyo wazi, na Nyati mwenyewe kwato zake hazikushika hata kijiko.

Basi mwaka mmoja, asubuhi ya sikukuu, alifika kwa Bi Kindi akang'oa kila kilichotundikwa mlangoni. Akasema akisikia neno, atakuja kujikuna mgongo kwenye ukuta wa ile nyumba. Ukuta wenyewe ulitikisika hata Bi Kindi akipiga chafya. Bi Kindi akamwacha aende nayo.

Watu wakaanza kupita. Wanauona mlango mtupu, wanashusha sauti. Mzee Kobe alivua kofia. Bi Ngiri aliacha bakuli la unga kizingitini, pole ya msiba, akaondoka kwa kunyata. Ndani, pilau ikapoa. Watoto wa Bi Kindi, na nguo zao mpya, walikaa wakitazama mlango mpaka usingizi ukawachukua na viatu miguuni.

Kwa Nyati kulikuwa na shangwe. Wageni walisifu zile nyota, wakauliza fundi ni nani, na Nyati akajibu bila hata kupepesa macho kwamba amefuma mwenyewe. Walitazama kwato zake, wakatazama pembe, wakasema hongera.

Bi Kindi hakuumia kwa ajili ya mapambo, maana uzi hununuliwa. Aliumia kwa wanawe waliosubiri wageni wasiokuja. Akaapa kwamba mwaka ujao watu watakuja kwake, hata kama Nyati mwenyewe ndiye atakayewaleta.

Sikukuu iliyofuata ilipokaribia, akanunua uzi mwekundu mwingi akaanza kufuma. Lakini safari hii alifuma kwa namna ya ajabu. Kwa kawaida nyota moja ikiisha, alikata uzi, akafunga kifundo, akaanza nyingine. Sasa hakukata. Nyota ikazaa mnyororo, mnyororo ukazaa ua, ua likazaa kengele, vyote kwa uzi mmoja tu. Na alipofika mwisho kabisa, hakufunga kifundo.

Binti yake mkubwa, aliyekuwa anajifunza kazi, aliona akashtuka.

"Mama, umesahau kifundo. Mtu akivuta hiyo ncha, kazi yote itafumuka."

"Sijasahau, mwanangu," alisema Bi Kindi. "Nenda kachambue mchele. Pika mwingi, tutakuwa na wageni."

Asubuhi ya sikukuu, jua halijapanda sana, ardhi ikaanza kutetemeka. Tifu, tifu, tifu. Bi Kindi alikuwa ameshatundika mapambo, na ile ncha ameifunga imara kwenye mwimo wa mlango, chini kabisa, mahali ambapo mwenye shingo nene hainami kuangalia.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Unajua nilichokuja kuchukua."

"Najua, bwana, na sina nguvu ya kukuzuia. Ila nakuomba usiyaburute chini kama mwaka jana. Yale ya mwaka jana yalifika kwako na vumbi, watu wakasema pembeni."

Nyati akasimamisha masikio. Aliuliza nani kasema.

"Siwataji, sikukuu isije ikaharibika. Yavae kwenye pembe. Pembe pana hivi zinataka nini tena zaidi ya mapambo? Ukipita nayo mitaani watu watasema kweli huyu ni mkubwa."

Nyati alifikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, na Bi Kindi akamwachia nafasi. Mwishowe akainamisha kichwa, na Bi Kindi akapanda juu yake, akayazungusha mapambo yote kwenye pembe, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka Nyati akawa kama bibi harusi.

"Usipite njia ya mkato," akamwambia. "Pita mbele ya kila mlango. Na utembee umeinua kichwa, usigeuke nyuma. Mkubwa akigeukageuka, watu hudhani kaiba."

Kwa neno hilo la mwisho Nyati aliharakisha kuondoka.

Akatembea, wanangu, pua juu, macho mbele. Alipofika kwa Bi Ngiri, kengele ya kwanza ilikuwa imeshafumuka. Fyuu, uzi ukateleza, ukalala njiani. Alipopita kwa Mzee Kobe, maua yakaisha. Mbele ya nyumba ya Pundamlia zilikwenda nyota, fyuu, fyuu, moja baada ya nyingine. Ngozi ya Nyati ilikuwa nene na pembe hazina hisia, na mwenye pembe hawezi kujiona kichwani. Kila alipohisi kichwa kinakuwa chepesi, alidhani ni furaha.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mpya.

"Mke wangu, njoo uyatoe mapambo," alisema Nyati, akainama.

Bi Nyati alitazama upande wa kushoto, akatazama wa kulia. "Nitoe yapi?"

"Yaliyo kichwani."

"Kichwani una pembe tu, baba watoto. Na kitanzi kimoja cha uzi."

Wakati huo watu wa Majanini walikuwa wamemaliza kuvaa, wanatoka nje. Kila aliyefungua mlango alikuta uzi mwekundu umepita kizingitini pake. Wote walishangaa. Hawakuwahi kuona mtu aliyepamba njia nzima kwa ajili ya wageni. Mzee Kobe akasema karibu ya namna hii ni dhambi kuikataa, akaufuata uzi kuelekea ulikotokea. Bi Ngiri akafuata nyuma, Pundamlia na wanawe wakaunga, na kundi zima likaishia mlangoni kwa Bi Kindi, ambako pilau ilikuwa inatoa mvuke na watoto wamejipanga kupokea wageni.

Walikuwa wameshaketi, sinia limezungukwa, tifu tifu zikasikika tena. Nyati alifika anahema, kitanzi kimoja kinaning'inia kwenye pembe.

"Huyu kindi kanihujumu," alinguruma. "Mapambo yangu yote kayafumua."

Watu wakaacha kula. Mzee Kobe alimeza tonge lake taratibu, akamuuliza imekuwaje mapambo yake yawe yamefungwa kwenye mlango wa mwenzake. Nyati akasema amefuma mwenyewe, kama mwaka jana, na kila mtu anajua.

Bi Kindi aliinuka na kulabu mkononi, akaipeleka kwa heshima zote.

"Basi fundi ni wewe, Bwana Nyati. Tufumie kitanzi kimoja tu, nami nitakuomba radhi mbele ya wote hawa."

Nyati aliipokea kwa kwato. Ikaanguka. Akaiokota kwa mdomo, akajaribu kuielekeza kwa ulimi, nayo ikapanda ikamwingia puani. Macho yakamtoka. Akapiga chafya moja, pwaaa, na kulabu ikaruka ikatua katikati ya sinia la pilau.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Nyati, aliyekuwa amemfuata mumewe.

"Jamani, huyu vifungo vya shati namfungia mimi kila asubuhi," alisema. "Afume nini?"

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko. Nyati aliutazama ule ukuta wa udongo. Lakini mbele ya ukuta walikuwa wamesimama Mzee Kobe, Bi Ngiri, Pundamlia na mkewe mwenyewe, na hakuna aliyesogea. Akainamisha kichwa. Bi Nyati akamwamuru arudi njia ile ile aliyokuja, aukusanye uzi wote, na asiruke hata mlango mmoja.

Akaenda akiuviringisha kwenye pembe, akipita mbele ya kila nyumba, na watoto wa Bi Kindi na wa Pundamlia wakimfuata kumwonyesha ulipobaki. Aliporudi alikuwa na donge jekundu kichwani, kubwa kama tikiti. Bi Kindi akalishusha, akamshukuru, akampa sahani ya pilau aliyoila amesimama nje.

Hadithi yangu inakomea hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: ukibeba cha mwenzio kwa nguvu, ujue ncha yake imebaki mlangoni kwake.