Dawati la Fundi Shemweta

"Kunaswa kwa baba, kusema kwa mwana." Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana umeme ulipokatika, televisheni ikazimika, na mumewe akajikuta hana cha kutazama isipokuwa uso wa mtoto wake. Mlicheka, kisha mkaniuliza huyo baba alinaswa na nini, na nani alimtega. Hakutegwa na mtu, wajukuu zangu. Alinaswa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Na chanzo chenyewe ni hiki.

Huko milimani Usambara, katika kijiji cha Kwemtindi, palikuwa na fundi seremala aliyeitwa Shemweta. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Ukimwuliza swali alilijibu kabla hujalimaliza, na mara nyingi lilikuwa jibu la swali jingine. Mteja alifika akasema, "Fundi, nataka kitanda," na Shemweta hapo hapo, "Futi tano kwa sita, mbao za mninga, njoo Alhamisi." Mteja akaenda zake hajapata nafasi ya kusema kwamba kitanda ni cha mtoto mchanga.

Watu walimzoea. Aliyepata tabu ni binti yake, Mwantumu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akisoma darasa la sita. Zamani Mwantumu alishika nafasi ya tatu au ya nne darasani. Mwaka ule akaporomoka mpaka ya arobaini na tisa, katika darasa la watoto hamsini na mmoja.

"Ndio umri huo!" Shemweta alimwambia mkewe. "Wanaanza kuota mapembe."

Basi kila jioni alimkalisha binti na kumhutubia. Mwantumu akawa hana maneno ila mawili, "Ndiyo, baba," na, "Hapana, baba." Kimya hicho Shemweta akakiita kiburi, akakata shauri kwamba muhula ukiisha Mwantumu aache shule, aende Handeni kwa shangazi yake akajifunze kushona. Lakini moyoni hakuwa na raha. Alikumbuka jinsi mtoto yule alivyokuwa akikaa juu ya maranda karakanani, akipiga soga mpaka gundi ikauke.

Siku zile shule ikaita wazazi wenye watoto wanaobalehe, wahudhurie mafunzo Jumamosi nne mfululizo. Mama Mwantumu akasema, "Safari hii nenda wewe." Shemweta akavaa koti lake la sikukuu, akaenda. Hakwenda kujifunza, la. Alikwenda kumweleza mwalimu namna watoto wanavyolelewa.

Wazazi walikaa darasani kwenye madawati ya watoto, yale ambayo benchi na meza vimeungana. Madawati hayo aliyatengeneza Shemweta mwenyewe, miaka kumi na miwili nyuma, wakati yeye ni mwembamba kama ufito. Akachagua la mbele kabisa. Akabana tumbo, akajisokomeza, akaingia. Kisha akaliachia tumbo, nalo likakaa mahali pake.

Mwalimu Eliwaza, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaandika maneno machache ubaoni. Akasema, "Leo tuna zoezi moja tu. Mmoja awe mtoto, mwingine awe mzazi. Mtoto aseme, mzazi asikilize mpaka mwisho. Asijibu chochote."

Shemweta akajitolea kuwa mzazi. Mama Kiondo, muuza mboga aliyependa kucheka, akawa mtoto.

"Baba, leo shuleni..." alianza Mama Kiondo.

"Umepigana na nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akawaomba waanze upya.

"Baba, nina..."

"Huna! Huna chochote!"

"Baba..."

"Kamwulize mama yako!"

Mama Kiondo alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Mwalimu Eliwaza akasema taratibu, "Baba Mwantumu, mtoto hajasema kitu bado."

Shemweta akaona amedhalilishwa. "Mwalimu, mimi si mtu wa kuchezeshwa michezo ya watoto. Kwaherini!" Akainuka.

Dawati likainuka naye.

Akaketi, akainuka tena kwa nguvu, dawati likamfuata kama mbuzi wa kufugwa. Wanaume wawili wakamshika makwapa, wengine wawili wakashika miguu ya dawati, wakavutana. Ikaletwa sabuni ya kipande na maji. Hakutoka.

"Tulivunje," akasema mmoja wao.

"Livunjike?" Shemweta akasema kwa fahari. "Dawati hili nimeliunga mwenyewe, hata likaliwe na tembo halivunjiki!" Kisha akanyamaza, kwani maana ya maneno yake ilikuwa imeanza kumfikia.

Mzazi mmoja akatumwa nyumbani kwa Shemweta kuchukua msumeno. Mwalimu Eliwaza, kwa kumstahi, akawatoa wazazi wengine wote nje, barazani, waendelee na zoezi huko, akaurudisha mlango. Fundi akabaki peke yake na kazi yake.

Aliyeingia na msumeno alikuwa Mwantumu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anza hapo kwenye ubao wa pembeni. Polepole, usinichane."

Mwantumu akapiga magoti, akaanza kukata. Alijua kushika msumeno, alikulia karakanani. Shemweta, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akasema, "Hebu tazama ubaoni, usome upuuzi wanaotufundisha."

Mwantumu akauweka msumeno chini. Akasogea hatua moja, akakunja uso. Akasogea tena. Akaenda mpaka pua yake ikakaribia kugusa chaki, ndipo akasoma, herufi moja moja, "Msikilize... mpaka... mwisho."

Shemweta alivuta pumzi apige kelele, "Mbona unaunusa ubao?" Lakini lile dawati, kwa kuvutwa huku na huku, lilikuwa limepanda na kumbana kifuani, pumzi haikupata pa kuingia. Kilichotoka kilikuwa mlio mwembamba kama wa tairi la baiskeli lililotoboka.

Mwantumu akangoja hotuba. Haikuja. Akageuka akamtazama baba yake, akangoja tena. Haikuja.

"Baba," akasema, "mimi ubaoni sioni."

Baba yake akainua uso, akamtazama.

"Tangu mwaka jana. Nikikaa nyuma naona ukungu mtupu. Nilikuambia, 'Baba, macho yangu,' ukasema macho yangu yamejaa dharau. Nikakuambia tena wakati wa Ramadhani, 'Baba, sioni,' ukasema ndiyo, sioni aibu. Basi nikaacha."

Shemweta akafungua mdomo, akaufunga. Safari hii si dawati lililomzuia. Alikuwa akiyasikia maneno yake yakimrudia, moja baada ya jingine, na hapakuwa na hata moja la kujitetea nalo.

"Endelea, mwanangu," akanong'ona.

Mwantumu akarudi kwenye msumeno, akakata huku akisema. Akasema wenzake wanavyomwita kipofu. Akasema hataki kwenda Handeni, kwamba kila akisikia gari la abiria likipiga honi barabarani moyo humpasuka. Akasema hata karakana ameikimbia, kwa kuogopa hotuba. Msumeno ulikwenda taratibu mno, nadhani hata mti mzima ungeanguka mapema zaidi. Mwishowe ubao ukakatika, ta!

"Tayari, baba. Unaweza kuinuka."

"Najua," akasema Shemweta, asitikisike. "Malizia kwanza."

Mama Kiondo, aliyekuwa amechungulia dirishani apate cha kuchekea sokoni, ndiye aliyeyaona hayo. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akarudi barazani. Wenzake wakamwuliza, "Vipi, ametoka?" Akawajibu kwa maneno sita tu, nayo yakafika sokoni kabla yake.

Jumatatu Shemweta alimpeleka binti yake hospitali kupimwa macho, na Mwantumu akarudi na miwani. Habari ya Handeni haikutajwa tena. Hotuba hazikwisha siku moja, tusidanganyane, wajukuu zangu, mdomo ni mdomo. Lakini kila zilipoanza, Mama Mwantumu alikohoa kidogo, akatamka yale maneno ya Mama Kiondo, na mumewe akavuta kiti, akaketi, akanyamaza:

"Kunaswa kwa baba, kusema kwa mwana."