Mgeni wa Bi Siwema

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege walipokuwa wakibishiana hodi kama sisi, palikuwa na mwarobaini mkubwa kando ya soko. Humo aliishi Chozi, ndege mdogo wa mdomo uliopinda, na mkewe Bi Siwema. Bwana alikuwa maridadi kweli, kanzu yake ya kijani inametameta, na kila asubuhi aliimba kileleni, tswii-tswii, soko zima likamsikia. Mkewe alivaa kahawia tu, nguo ya kazi.

Nyumba yao Bi Siwema aliifuma kwa utando wa buibui, majani makavu na vijikaratasi. Ilivyoning'inia pale kitawini, ungedhani ni uchafu uliopeperushwa na upepo. Kumbe ndani mna vifaranga.

Siku moja bwana katoka kutafuta asali ya maua, puu! Kunguru katua. Alikuwa na njaa, na alisikia kwamba yule mwimbaji amepata watoto. Bila hata salamu akauliza anakaa wapi yule ndege anayemetameta.

Bi Siwema akagundua kwamba Kunguru anamtazama usoni na wala hamtambui. Akamwamkia kwa adabu, akasema yeye ni mfagiaji tu wa mti huu.

"Na takataka hii?" Kunguru akaisukuma nyumba kwa mdomo. Ndani kifaranga kikalia, tsi.

"Tsi, tsi," Bi Siwema akadakia, kajishika kifua. "Niwie radhi, mjomba, kwikwi imenishika tangu asubuhi. Hiyo nitaifagia sasa hivi. Bwana maridadi kama yule atakaaje kwenye uchafu? Nyumba yake ile pale chini, inang'aa kama yeye."

Akamwonyesha kioo cha kinyozi wa pale sokoni, kimetundikwa ukutani.

Kunguru akashuka. Kweli wanangu, ndani yumo ndege anang'aa, tena mnene, anamkodolea macho. Akabisha hodi. Akabisha tena. Yaani mwenye nyumba anamwona na haitikii? Hasira zikampanda, akadonoa, ko, ko, ko, mpaka mdomo ukavimba na kinyozi akammwagia maji ya sabuni.

Bwana Chozi aliporudi aliuliza kelele za nini huko chini.

"Mgeni wako," mkewe akamjibu, huku anawalisha watoto. "Bado anangoja umkaribishe."

Basi wanangu, anayemjua mtu kwa nguo zake tu, atazungumza naye na asimjue.