Tundu Kwenye Picha ya Harusi

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, kompyuta zilipokwisha kujifunza kujaza palipochanika, Siwema alichukua picha ya harusi ya mama yake sandukuni bila ruhusa, akaipeleka kwa Nuhu, mpiga picha za pasipoti pale Mikindani.

Picha ilikuwa na bibi harusi, na ubavuni pake tundu. Mama huyo, Bi Mwanahawa, alimkata mumewe Shomari pichani kwa mkasi, siku mume alipomwacha na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ndiyo Siwema. Baba akafia ugenini, picha nyingine hakuna. Miaka ishirini na minne Siwema hajamwona baba yake hata kwenye karatasi.

"Programu hii inabuni tu," Nuhu alimwonya. "Haimjui mtu."

"Ibuni. Mimi nimembuni tangu utotoni."

Nuhu akaiskani picha, akalipaka tundu rangi kwenye kompyuta, akabonyeza, wakangoja. Likatokea pazia na chombo cha maua.

"Ndiyo kusema baba yangu ni maua ya plastiki?"

Akapaka, akabonyeza, wakangoja. Akatokea kijana mtanashati, meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Siwema alitamani awe yeye. Lakini nani angemthibitishia?

Wakamwita Mzee Chilumba, kaka wa marehemu.

"Masikio yapanue. Shingo ipunguze, sisi kwetu hatuna shingo."

Nuhu akaandika alivyoambiwa, akapaka, akabonyeza, wakangoja. Mzee akasogeza miwani. "Anakaribia. Kuna kitu kimepungua, nimekisahau."

Mara mlango ukasukumwa. Bi Mwanahawa, amekosa picha sandukuni, anahema. Siwema akajua leo ameumbuka. Mama akainamia kioo cha kompyuta, akatazama kitambo kirefu.

"Mwongo huyu! Shomari hakucheka hivyo. Alicheka upande mmoja, na jicho la kushoto likifumba nusu. Kama mnanirudishia mtu, nirudishieni yule yule!"

Nuhu akaandika hayo, akapaka, akabonyeza, wakangoja. Mzee akavua kofia. Mama akakaa chini. Na Siwema akaliona jicho lake mwenyewe la kushoto, usoni mwa mwanamume.

"Sasa futa," mama akasema.

"Mama!"

"Nimesema kweli kwa kuwa uongo siuwezi. Kusamehe sijasamehe. Yeye aliondoka bila neno. Tundu lile ndilo lilikuwa jibu langu. Leo mnanisimamisha naye tena bila kuniuliza?"

"Shemeji, wewe ulikata karatasi," Mzee akadakia. "Uso ni wa ukoo. Bila kumbukumbu zangu mngekuwa na kijana wa mswaki. Naenda kuutundika nyumbani."

"Bila mkono wangu mngekuwa na maua," Nuhu akasema. "Kazi yangu hii, siifuti hivi hivi."

"Nyote mnagombania mnachokijua!" Siwema akalipuka. "Mimi nilikuwa tumboni. Sikuachana na mtu, sikumkosea mtu. Kwa nini niadhibiwe mimi?"

Wote wakamkodolea macho Nuhu, na kidole chake kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Haya, mnaosikiliza. Msiniambie mashine iamue, mashine haikualikwa harusini. Wala msiniambie "mama ni mama" mkadhani mmemaliza. Aliyekata akasema kweli, aliyekumbuka nusu, aliyetengeneza, na aliyezaliwa hajamwona: je, nani kati yao alistahili kuamua uso ule ubaki au ufutwe?